Preventoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba za kuwakinga watoto na kifua kikuu

"Sista, huyu mjukuu wangu nimpeleke kwa mjomba wake Singida mpaka mama yake apone?"

Bibi mmoja aliniuliza hivyo kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu ninayofanyia kazi. Mtoto alikuwa mgongoni, kafungwa kwa kitenge, anatafuna ncha ya kitenge hichohicho. Mama yake alikuwa nje chini ya mwembe na kikopo cha makohozi mkononi. Nilimjibu bibi palepale, na jibu lenyewe nitalifikia mwishoni. Ila swali lake halikuniacha. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani waliulizana jambo hilohilo, wakalijibu kwa kujenga nyumba maalumu za kuwahamishia watoto. Nyumba hizo ziliitwa preventoria. Kwetu wanaozijua ni wachache, na wengi huzichanganya na sanatoria, zile nyumba za kulaza walioshaugua kifua kikuu. Haya ndiyo maswali ambayo wenzangu kazini, wanafunzi wa uuguzi na ndugu wa wagonjwa huniuliza kila ninapozigusia.

Preventoria zilikuwa nyumba za namna gani?

Zilikuwa nyumba za kulea watoto ambao hawajaugua kifua kikuu lakini walihesabiwa kuwa wako karibu kuugua. Labda mtoto anaishi chumba kimoja na baba anayekohoa damu. Labda kipimo cha ngozi kimeonyesha kwamba vimelea vimeshaingia mwilini. Labda amekonda tu, amepauka, hali chakula, na vihomahoma haviishi. Mtoto huyo hana TB ya mapafu ya kuwaambukiza wenzake. Anachukuliwa kwao, anapelekwa shamba, milimani au ufukweni, anakaa huko miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi. Analishwa, analazwa penye hewa safi, anasoma kidogo, kisha anarudishwa. Jina lina asili ya Kilatini na maana yake ni kuliwahi jambo kabla halijafika.

Zilishamiri katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hasa Ufaransa, Marekani na Hispania.

Zina tofauti gani na sanatoria?

Sanatoria ilikuwa ya mgonjwa. Hermann Brehmer alianzisha ile iliyopata sifa ya kwanza miaka ya 1850 huko Görbersdorf, kijiji cha milimani ambacho leo kiko Poland na kinaitwa Sokołowsko. Marekani, Edward Trudeau, daktari ambaye mwenyewe aliugua TB, alianza kazi ya namna hiyo Saranac Lake miaka ya 1880. Walioingia humo walikuwa wanakohoa, wanatoka jasho usiku, wanapungua mwili. Preventoria ilimpokea yule ambaye hajafika huko. Kwa nje majengo yalifanana sana, yote baraza pana na madirisha makubwa, ndiyo maana hata vitabu huyachanganya.

Wazo la kumtoa mtoto nyumbani lilitoka wapi?

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria aliyewaona kwa hadubini. Kabla ya hapo wengi Ulaya waliamini ni ugonjwa wa kurithi, kama kwetu mtu anavyosema "ile familia ina kifua." Ugonjwa ukiwa wa ukoo, hakuna la kuzuia, utamzuiaje mtu kuzaliwa na wazazi wake? Lakini ukiwa ni wa kimelea, basi kina njia yake ya kutoka kifua kimoja kwenda kingine, na njia huweza kuzibwa.

Mtu wa kwanza kuifuatilia njia hiyo hadi majumbani kwa utaratibu alikuwa Robert Philip wa Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1887 alifungua zahanati ya kifua kikuu katika vyumba vichache pale Bank Street. Mgonjwa alipofika, zahanati haikuishia kwake. Muuguzi alikwenda nyumbani kuona wanalala wangapi chumba kimoja, dirisha linafunguka au limepigwa misumari, na watoto wana hali gani. Kisha watu wa nyumba hiyo waliitwa kupimwa. Mtu yeyote anayefanya kazi ya TB leo anaijua kazi hiyo. Ndiyo tunayoifanya kila wiki na fomu yetu ya wanakaya, na mimi nikiwa njiani kwenda kwa mgonjwa huwa namkumbuka yule muuguzi wa Edinburgh ambaye jina lake halikuandikwa popote nilipowahi kuona.

Philip alikitafuta kifua kikuu ndani ya nyumba. Mfaransa Jacques-Joseph Grancher akaenda hatua moja mbele: akaamua kumtoa mtoto ndani ya nyumba hiyo. Grancher alikuwa daktari wa watoto Paris na mtu wa karibu wa Louis Pasteur. Julai 1885, mtoto Joseph Meister alipoletwa akiwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, Grancher ndiye aliyemdunga chanjo, kwa sababu Pasteur hakuwa daktari wa tiba. Pasteur aliwahi kuokoa ufugaji wa nondo wa hariri kwa kutenga mayai ya nondo wazima na yale ya nondo wagonjwa. Grancher alilichukua wazo hilo kama lilivyo: okoa mbegu. Mwaka 1903 alianzisha shirika la kuwakinga watoto na kifua kikuu. Lilichukua watoto ambao bado wazima kutoka kwa wazazi wagonjwa wa Paris, likawapeleka kwa familia za wakulima vijijini, daktari wa kijiji akiwasimamia.

Grancher hakujenga bweni. Watoto wake walikaa katika kaya za watu, walikula mezani na watoto wa mkulima, walikwenda shule ya kijiji. Bweni lilikuja baada yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo kitu kimoja cha maana kilipotea.

Preventoria ya kwanza Marekani ilianzaje?

Ilianza kwa ugomvi. Nathan Straus, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa mmoja wa wamiliki wa duka la Macy's, alitoa nyumba moja huko Lakewood, New Jersey, mwaka 1909. Nia ilikuwa kuwapokea watoto wa mtaa wa mabanda ya kupanga wa New York ambao wazazi wao walikuwa na TB. Daktari wa watoto Alfred Hess, aliyemwoa binti wa kaka yake Straus, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Lakini Lakewood ulikuwa mji wa mapumziko wa matajiri. Wenyeji waliposikia neno kifua kikuu wakaja juu: wageni watakimbia, bei ya nyumba itashuka. Haikusaidia kuwaeleza kwamba watoto hawa si wagonjwa. Ikabidi wahamishiwe Farmingdale, jimbo hilohilo, kwenye eneo la mashamba, na huko ndiko ilikosimama kwa miaka mingi.

Nimeona jambo hili kwa macho yangu, hapa kwetu, mtoto mzima akihamishwa dawati darasani kwa sababu mama yake anatumia dawa za TB. Kwa hiyo habari ya Lakewood kwangu haina ugeni.

Mtoto alichaguliwa kwa vigezo gani?

Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna alibuni kipimo cha kukwaruza ngozi na kuweka tone la tuberkulini, dawa iliyotengenezwa kutokana na bakteria wa TB. Mwaka uliofuata Charles Mantoux wa Ufaransa akaja na njia ya kuidunga kati ya tabaka za ngozi, ambayo bado tunaitumia. Unadunga ndani ya mkono, kavimbe kadogo kanainuka kama kaliyoachwa na mbu, unamwambia mtu arudi baada ya siku 2 au 3. Akirudi unapapasa kwa kidole, unaweka rula, unasoma milimita. Wekundu hauhesabiwi. Unapima ule ugumu wa ngozi tu.

Kipimo hiki kilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kumwonyesha mzazi kwamba mtoto anayecheza uani, asiyekohoa hata kidogo, amebeba vimelea mwilini. Kipimo kikiitikia, na nyumbani kuna mgonjwa, na mtoto amekonda, jina lake liliandikwa. Madaktari wa Marekani walikuwa na neno lao kwa watoto hawa, lenye maana ya mtu aliyeko katika hali inayotangulia TB. Tatizo ni kwamba hali hiyo haikuwa na mpaka. Wengi walichukuliwa kwa kukonda tu, na kukonda katika mtaa wa maskini kulikuwa na sababu mia.

Siku ya mtoto ndani ya preventoria ilikwendaje?

Ilikwenda kwa kengele. Asubuhi mtoto aliamka barazani, maana vitanda vilipangwa kwenye baraza zisizo na ukuta upande mmoja, kiangazi na kipupwe. Wakati wa baridi walilala wamevikwa sweta, kofia na mablanketi mazito, na pumzi inaonekana kama moshi. Kifungua kinywa kilikuwa uji, mkate, siagi, mayai, maziwa. Halafu kijiko cha mafuta ya ini la samaki, ambacho kila aliyewahi kukinywa hakisahau. Masomo yalikuwa mafupi, mara nyingi nje. Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na kulala kwa lazima, kimya, hata kama huna usingizi. Kisha kuota jua. Katika preventoria ya jimbo la Mississippi, karibu na mji wa Magee, iliyofunguliwa mwaka 1929, watoto walivaa kaptula nyeupe tu ili ngozi ipate jua, na picha zao zipo, safu ya watoto waliokaa sawasawa kana kwamba wamepimwa kwa kamba.

Siku kuu ilikuwa siku ya mizani. Uzito ndio uliokuwa ushahidi. Gramu zikiongezeka, mtoto alisifiwa mbele ya wenzake. Zisipoongezeka, aliongezewa maziwa na kupunguziwa michezo. Kadi yake ya uzito iliyochorwa mstari wa kupanda ndiyo waliyoonyeshwa wafadhili.

Wazazi waliruhusiwa kuwatembelea?

Kwa kawaida mara chache sana, kwa siku maalumu. Hofu ilikuwa mzazi ataleta vimelea, au mtoto atalia na kukataa chakula akishamwona mama. Wauguzi wa wakati huo waliamini kwa dhati kwamba mtoto asiyelia ametulia. Sisi tuliofanya kazi wodi za watoto tunajua kuna mtoto anayenyamaza kwa sababu amekata tamaa ya kuitwa na mtu wake.

Na wazazi wenyewe je? Wengi walikubali kwa machozi, kwa sababu walishazika mtoto mmoja au wawili na muuguzi aliwaambia huyu wa tatu bado anaweza kuokolewa. Wengine walikataa kabisa. Siwalaumu wa upande wowote. Lawama yangu iko kwa utaratibu uliomfanya mama achague baina ya mtoto wake na uzima wa mtoto huyo, wakati pesa zilezile za kumlisha bwenini hazikutolewa kumlisha nyumbani.

Na mabweni yakikosa jicho la mzazi, mambo huharibika. Hispania, wanawake waliowekwa utotoni katika preventoria ya Guadarrama, karibu na Madrid, enzi za utawala wa Franco, wamejitokeza uzeeni kusimulia vipigo na kulazimishwa kula hata walichokitapika. Wapo pia, katika nchi nyingine, waliobaki na kumbukumbu njema za chakula cha kushiba na kitanda cha peke yao. Yote mawili ni kweli.

Maziwa yanahusikaje na habari hii?

Kuliko watu wanavyofikiri. Straus huyohuyo wa Lakewood alikuwa amejulikana kwanza kwa maziwa. Tangu mwaka 1893 alifungua vituo New York vya kuwauzia maskini, kwa bei ya chini, maziwa yaliyochemshwa kwa kiwango cha kuua vimelea. Ng'ombe naye hupata TB ya aina yake, na mtoto anayekunywa maziwa mabichi huweza kuipata: tezi za shingo zinavimba, mifupa inaoza, utumbo unaugua. Mwaka 1898 Theobald Smith wa Marekani alionyesha kuwa bakteria wa ng'ombe ana tofauti na wa binadamu. Koch, pamoja na heshima yake yote, alisimama London mwaka 1901 akasema TB ya ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Alikosea, na Tume ya Kifalme ya Uingereza ilitumia miaka kumi kuthibitisha kwamba alikosea. Chicago ikawa mji wa kwanza Marekani kulazimisha kwa sheria, mwaka 1908, maziwa yachemshwe.

Ukiniuliza ni kitu gani katika kizazi kile cha wazuiaji kilichowaokoa watoto wengi bila kumtoa hata mmoja kwao, nitakuonyesha sufuria ya maziwa juu ya moto. Ndugu zangu wafugaji, najua maziwa mabichi yana ladha yake na heshima yake. Mtoto mchemshie.

Je, preventoria zilizuia kifua kikuu kweli?

Watoto walinenepa, hilo halina ubishi. Walikula mara tatu hadi tano kwa siku, walitoka katika vyumba vyenye moshi, walilala usingizi wa kutosha. Aliyetengwa na mzazi anayekohoa aliacha kuvuta vimelea vipya kila usiku, na kwa mtoto mdogo hilo lina uzito mkubwa, maana chini ya miaka 5 maambukizi hugeuka ugonjwa kwa urahisi, pamoja na ile TB ya ubongo inayoua au kulemaza.

Lakini kuna hesabu ambayo wafadhili hawakuonyeshwa. Uchunguzi wa Vienna, miaka michache tu baada ya kipimo cha Pirquet, ulionyesha kuwa kati ya watoto wa familia maskini, wanapofika miaka 13 au 14 karibu wote walikuwa wameshaambukizwa. Karibu wote. Na karibu wote hao hawakuugua. Leo tunajua kwamba mtu aliyeambukizwa, kama hana VVU au udhaifu mwingine, nafasi yake ya kuugua maishani ni kama asilimia 5 hadi 10. Kwa hiyo ukimchukua mtoto aliyeitikia kipimo, ukamlisha mwaka mzima, akarudi kwao mzima, huwezi kusema umemponya. Huenda angekuwa mzima vilevile.

Aliyelisema hili kwa sauti ni J. Arthur Myers wa Minneapolis. Yeye hakuwa mpinzani wa nje. Alifanya kazi Lymanhurst, shule ya watoto wenye maambukizi ya TB iliyofunguliwa mwaka 1921, na aliwafuatilia watoto kwa miaka. Alipolinganisha waliolazwa na wale waliobaki nyumbani na kuhudhuria kliniki, hakuona faida ya kuwalaza. Ushauri wake ukawa: mtafuteni mtu mzima anayemwambukiza mtoto, huyo ndiye wa kulazwa. Namheshimu sana mtu anayeweza kuyatazama maisha yake ya kazi na kukiri kwamba jengo alilosimamia halihitajiki.

Kuhusu hewa, hata hivyo, wazee wale walikuwa sahihi, ingawa uthibitisho ulichelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Richard Riley na William Wells walichukua wodi ya vitanda 6 vya wagonjwa wa TB, wakavuta hewa yake kwa mabomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Simbilisi hao hawakumgusa mgonjwa, hawakula chakula chake, walivuta hewa yake tu. Wakaambukizwa. Kundi jingine lilipewa hewa ileile iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno, na hao wakasalimika. Tangu hapo hakuna aliyeweza kubisha kwamba TB husafiri hewani. Kwa hiyo baraza zile hazikumponya mtoto, ila ziliyapeperusha maambukizi. Kliniki yetu ina madirisha pande mbili kwa sababu hiyo, na nikikuta mtu amefunga kwa ajili ya baridi, nayafungua.

Kulikuwa na njia nyingine za kuzuia TB wakati huo, mbali na mabweni?

Zilikuwepo. Mwaka 1904 Wajerumani walifungua shule ya msituni Charlottenburg, karibu na Berlin, ambako watoto dhaifu walisoma chini ya misonobari mchana na kurudi kwao jioni. Uingereza na Marekani zikaiga. Kwangu hilo lilikuwa bora kuliko bweni kwa jambo moja tu: mtoto alilala kwao.

Mwaka huohuo wa 1904, karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alibuni stempu ya Krismasi ili senti za wanaotuma kadi ziwasaidie watoto wenye TB. Nyumba za watoto zilizotokana na stempu hizo bado zipo Denmark. Zamani zilipokea watoto waliokonda ili wanenepe. Sasa hupokea, pamoja na wengine, watoto waliozidi uzito.

Chanjo ya BCG iliingilia wapi?

Albert Calmette na Camille Guérin, katika mji wa Lille, Ufaransa, walianza mwaka 1908 kumhamisha bakteria wa TB ya ng'ombe kutoka chombo hadi chombo, kwenye viazi vilivyopikwa kwa nyongo na gliserini. Walimhamisha mara 230 katika miaka 13, hata wakati Lille iko mikononi mwa jeshi la Ujerumani katika Vita vya Kwanza, mpaka akapoteza makali. Mwaka 1921 chanjo ilitolewa kwa mara ya kwanza, mjini Paris, kwa mtoto mchanga ambaye mama yake alikufa kwa TB na ambaye angelelewa na bibi yake aliyekuwa na TB vilevile. Yaani mtoto wa aina ileile ambaye Grancher angempeleka kijijini.

Mwaka 1930 huko Lübeck, Ujerumani, chanjo ilichanganywa maabarani na bakteria wenye nguvu kamili, na watoto wachanga zaidi ya 70 wakafa. Imani iliyumba kwa miaka. Leo watu wengi wanaosoma hapa wana kovu lake mkononi. BCG huwakinga watoto wadogo na aina kali za TB, kama ile ya ubongo. Kwa TB ya mapafu ya mtu mzima kinga yake haitegemeki.

Zilifungwa lini, na kwa nini?

Hazikufungwa kwa siku moja. Streptomaisini, dawa ya kuua bakteria wa TB, iligunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, kwa mikono ya mwanafunzi wake Albert Schatz. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, kidonge cha bei nafuu. Sasa mzazi aliweza kupona, na muda si mrefu ikaonekana kwamba kidonge hichohicho humzuia aliyeambukizwa asiugue.

Pigo la mwisho lilitoka India. Madras, mji unaoitwa leo Chennai, ulikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda. Timu iliyoongozwa na Wallace Fox iligawa wagonjwa makundi mawili: wengine walitibiwa sanatoria kwa chakula kizuri na mapumziko, wengine walitumia dawa hizohizo katika vyumba vyao vya kupanga vilivyojaa watu, na chakula chao haba. Matokeo yalitolewa mwaka 1959. Waliokuwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. La kushangaza zaidi, watu walioishi nao hawakuugua zaidi ya ndugu wa wale waliolazwa. Hatari kubwa kwa familia ilikuwa kabla ya matibabu kuanza.

Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoondoa haja ya kumtenga mtoto. Baadhi ya preventoria ziliendelea kwa mazoea tu, zikibadilishiwa matumizi. Ile ya Mississippi ilifunga mwaka 1976.

Afrika Mashariki tulikuwa nazo?

Sanatoria ndiyo. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwenye miteremko yenye baridi, kwa fikra ileile ya hewa ya mlimani. Leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, na ndiko Tanzania ilikoanza kutibu TB sugu mwaka 2009. Tuliozoea kupeleka wagonjwa huko tunaijua ile safari ya kupanda kuelekea Sanya Juu, sweta mkobani.

Lakini mchango wa kwetu katika kuondoa mabweni ni mkubwa kuliko tunavyojisifia. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio walioshiriki utafiti uliotoa matokeo mwaka 1972 na kuonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Miaka michache baadaye, kuanzia 1977, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa ushauri wa Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Hadubini wilayani, dawa zisizokatika, daftari linaloonyesha kila mgonjwa ameishia wapi. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza ulimwenguni.

Leo, mtoto anayeishi na mgonjwa wa TB ahamishwe?

Hapana. Nilimwambia bibi: "Mama, abaki hapahapa. Ukimpeleka Singida, kama ameshaambukizwa atakwenda nayo, na huko hakuna anayejua cha kuangalia."

Yanayotakiwa ni haya. Mgonjwa aanze dawa leo na asiruke dozi, maana dawa zikishafanya kazi uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Afunike mdomo akikohoa, dirisha liwe wazi, na mwanzoni alale peke yake panapowezekana. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kila aliye ndani ya nyumba aje apimwe, watoto kwanza. Mtoto akionekana hana ugonjwa, anapewa tiba kinga: isoniazidi kwa miezi 6, au mchanganyiko wa miezi 3 kufuatana na umri, uzito na dawa zilizopo kituoni. Katika vituo vya serikali hailipiwi. Mtoto akiwa na kikohozi kisichoisha, homa, au uzito umesimama, hiyo si kinga tena, arudishwe achunguzwe upya.

Bibi alirudi baada ya mwezi na mtoto yuleyule mgongoni. Nilimwonyesha tena namna ya kuyeyusha kidonge katika kijiko cha maji, akaniambia tayari anajua, humpa alfajiri kabla ya uji. Nikamweka mtoto kwenye mizani. Alikuwa ameongezeka gramu 400.